Kilomita za Elisifa

Mtaa wa Majengo, mjini Moshi, haukosi fundi wa pikipiki kila baada ya nyumba mbili. Yupo wa kuziba pancha, yupo wa kubadilisha pleti za klachi, yupo wa kuchomelea fremu iliyokatika mpaka ikatoka imara kuliko ilivyonunuliwa. Fundi wa mita ni mmoja tu. Nasema mita ile ya mbele ya mwendeshaji, yenye mshale wa spidi na namba ndogo za kilomita. Anaitwa Sylvanus, ana miaka sitini na tatu, na wateja wake siku hizi ukiwahesabu kwa vidole vya mkono mmoja, vidole vinabaki.

Si kwamba mita zimeacha kuharibika. Zinaharibika kuliko zamani, ila hakuna anayejali. Kijana wa bodaboda akinunua pikipiki mpya, kitu cha kwanza anachomoa waya wa spidomita kule chini kwenye gurudumu, ili siku ya kuiuza aseme imetembea kilomita elfu nane tu. Anayenunua naye anajua kuwa ni uongo, na wote wawili wanacheka na kupeana mikono. Spidi wanaijua kwa upepo usoni, umbali wanauliza simu. Sylvanus huwatazama akitikisa kichwa. Kwake yeye pikipiki isiyo na mita ni sawa na saa isiyo na mishale, na ana haki ya kusema hivyo kwa sababu yeye alianzia kwenye saa.

Alizaliwa Kirua Vunjo, mtoto wa katikati katika nyumba ya wavulana watano. Kwa Wachagga mtoto wa katikati hana chake. Kihamba, yaani lile shamba la nyumbani lenye migomba na kahawa, humwangukia kitinda mimba, na wa kwanza hukatiwa lake mapema. Wa katikati huonyeshwa barabara. Sylvanus aliishika akiwa na cheti cha darasa la saba na shati moja la kubadilisha, akafika Majengo, akapokelewa na mzee mmoja aliyetengeneza saa za mkono. Miaka sita alikaa ameinama, kioo cha kukuzia kimebanwa jichoni, akijifunza kuhesabu meno ya gia ndogo kuliko punje ya ulezi. Saa za betri zilipoingia na kuuzwa kama njugu, yule mzee alifunga kibanda akarudi kwao. Sylvanus akageukia pikipiki. Ndani ya mita akakuta gia za ukoo uleule, kubwa kidogo na zimejaa vumbi, na mji mzima hapakuwa na mtu aliyethubutu kuzifungua.

Miaka ile ilikuwa mitamu, acheni niseme. Pikipiki zilikuwa chache na kila moja ilijulikana kwa mlio wake. Ya padri ilikohoa, ya bwana afya ililia kama imenyimwa chakula. Vipuri vilitoka Nairobi, vikavuka mpaka kwa njia anazozijua Mungu na watu wa Himo, na pete moja ya pistoni ilisubiriwa kama bibi harusi. Fundi alikuwa mtu. Sylvanus akishafunga mita, aliinua gurudumu la mbele juu ya kigoda, akaweka alama ya chaki kwenye tairi, akalizungusha kwa mkono huku akihesabu kwa sauti. Tairi kubwa la pikipiki za mlimani linakwenda mita mbili na ushei kwa mzunguko mmoja, kwa hiyo mizunguko arobaini na saba ni mita mia. Ikitimia arobaini na saba, ile namba ya mwisho lazima iruke moja. Isiporuka, alifungua upya, hata kama mwenye pikipiki amesimama juu yake ananung'unika. Watu walisema mita iliyopita mikononi mwa Sylvanus unaweza kuilia yamini. Maneno hayo aliyapenda, akayapenda kupita kiasi.

Mwezi wa sita mwaka huu alifika kibandani Jesse, mtu wa makamo anayenunua pikipiki za zamani, anazifufua na kuwakodisha watalii. Alikuja na moja nyekundu iliyopauka, akaizima, akavua kofia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Hiyo umeifukua wapi?"

"Himo, kwenye banda la mtu. Ilikuwa imelala chini ya magunia ya mahindi, mzee, miaka na miaka. Injini fresh kabisa. Ila hii mita inazingua. Nimetoka Himo mpaka hapa, simu inasema kilomita ishirini na saba, mita inasema ishirini na mbili. Njiani simu inasoma sitini, mshale uko hamsini kasoro. Mtalii akiambiwa hamsini naye anakwenda sitini kwenye zile kona, ataniletea kesi."

Sylvanus alikuwa akitazama upande wa kulia wa tangi, penye bonde la ukubwa wa kiganja, kisha nyuma ya kiti, penye kichanja cha chuma kilichochomelewa kwa kazi moja tu, kubebea mtungi wa kuhifadhia mbegu za madume ya ng'ombe. Akamwambia Jesse aiache, arudi baada ya wiki.

Ile pikipiki ilikuwa ya Elisifa.

Mwaka wa tisini na nne palikuwa na mradi wa ng'ombe wa maziwa huku Vunjo, mradi wa wafadhili ambao umeshakufa na hata kibao chake kimeliwa na mchwa. Elisifa alikuwa mtaalamu wao wa mifugo. Binti wa miaka ishirini na saba, Mlutheri wa Kirua, anapanda pikipiki kwa suruali na buti wakati wanawake wengine walikaa upande kwenye kiti cha nyuma wakishika kanga. Kazi yake ilikuwa kuwapandikiza ng'ombe mbegu. Mwenye ng'ombe aliyefikia joto la kutaka dume alifunga kitambaa cheupe kwenye mti wa mbele ya kihamba chake, na Elisifa akipita akakiona, alisimama. Asubuhi za ukungu watu walisikia ule mlio ukipanda kutoka barabara ya lami, ukipungua kwenye kona, ukichangamka tena, na wanawake walikimbia na vitambaa mkononi kabla hajapita. Ng'ombe akiwa na joto hasubiri Jumatatu.

Sylvanus naye aliusikiliza mlio huo kila alipokwenda kwao kusalimia. Alijua anakuja kabla ya mtu mwingine kujua. Hilo hakumwambia mtu, na Mkatoliki wa siku zile hakupeleka wazee kuposa kwa Walutheri bila vita ya mwaka mzima, kwa hiyo alilimeza. Alibaki na kumtengenezea pikipiki, na aliitengeneza kwa moyo.

Mvua za masika za mwaka ule ziliingiza tope katikati ya gurudumu la mbele, meno ya gia ya mita yakasagika. Gia mpya ilikuwa Nairobi, na Nairobi maana yake majuma. Elisifa alisimama kibandani, mtungi mgongoni mwa pikipiki, saa mkononi. "Fundi, kila mwezi mradi unasoma mita na kuilinganisha na daftari langu la safari. Nisaidie." Sylvanus alikuwa na gia ya pikipiki ndogo ya katekista mmoja marehemu. Akaipima kwa jicho, ikaingia kama imezaliwa pale. Kwa kawaida yake akaikwaruza herufi S kwa msumari. "Hii ni ya wiki mbili tu," alimwambia, "mpaka ya kwake ije." Akafunga. Hakuinua gurudumu juu ya kigoda, hakuhesabu. Elisifa alikuwa na haraka, na yeye alitaka kumwona anafurahi. Kisha gia ya Nairobi haikuja, wiki mbili zikawa miezi mitano, akasahau.

Sasa fikiri mwenyewe. Pikipiki ya katekista ilikuwa na matairi madogo. Gia yake, ukiitia kwenye tairi kubwa, inahesabu pungufu. Elisifa alikadiria safari zake kwa njia anazozijua tangu utotoni, akaandika kilomita elfu moja na mia moja kwa mwezi. Ofisi iliposoma mita, ikakuta mia tisa. Mwezi wa pili hivyohivyo, na wa tatu. Kufika mwezi wa tano kiongozi wa mradi alijumlisha akakuta kilomita elfu nzima hazipo. Akasema binti anakaa nyumbani, anaandika ng'ombe ambao hajawagusa.

Mkutano ulifanyika asubuhi kwenye ofisi ya mradi, na Sylvanus akaitwa kama fundi. Elisifa alisema, "Waulizeni wenye ng'ombe." Akajibiwa kuwa wenye ng'ombe wote ni ndugu zake. Kiongozi akamgeukia Sylvanus, akauliza kama mita inaweza kukosea. Chumba kilikuwa na wafadhili wawili, wazee wa usharika, na katibu anayeandika kila neno. Hapo ndipo Elisifa alipomtazama, akamuuliza kwa upole kabisa, "Fundi, uliizungusha ukahesabu?"

Sylvanus akasema, "Nilihesabu. Mita niliyofunga mimi haina kosa."

Elisifa alifukuzwa kazi siku ileile. Barua yake ya kwenda kusoma shahada Morogoro, ambayo ilikuwa imeshatoka, ikarudishwa. Pikipiki ikawekwa stoo, baadaye ikauzwa, na kwenye miteremko ya Kirua yule binti akapewa jina la Ng'ombe Hewa, yaani ng'ombe wa kwenye karatasi tu. Aliolewa, akafiwa na mume, akamlea bintiye Magreth. Mtoto huyo naye shuleni wakamwita Ndama Hewa. Haya yote Sylvanus aliyasikia akiwa Majengo, na kila alipoyasikia alijiambia kuwa mita haikuwa na kosa. Ukijiambia jambo kila siku kwa miaka thelathini, linaota mizizi.

Jesse alipoondoka, Sylvanus aliinua gurudumu juu ya kigoda. Akapaka chaki. Akazungusha polepole kwa kidole kimoja, jicho kwenye namba. Arobaini na tano, arobaini na sita, arobaini na saba. Namba haikuruka. Aliendelea. Hamsini. Hamsini na tano. Ilipofika hamsini na saba ndipo namba ikageuka kivivu, kama mtu anayeamshwa usingizini. Akarudia mara tatu, kwa kuwa ndivyo alivyofundishwa. Kisha akachomoa ekseli, akafuta grisi iliyoganda, akaiona gia ya katekista, na juu yake ile S.

Alikaa chini sakafuni. Alilia, na sioni aibu kulisema hilo.

Mkewe, Theodora, aliyatambua macho yake jioni kabla hata ya kupokea kikapu. Theodora ni mwanamke wa Kilema, maneno yake hayana mto. Alimsikiliza mpaka mwisho, akikatakata ndizi za mtori.

"Kumbe nimeishi na mwongo miaka ishirini na nane nikidhani ni mbishi tu."

"Gia ilikuwa kosa, Mama Stella. Mtu hukosea."

"Gia sijaizungumzia." Akatua kisu. "Ulimpenda?"

Sylvanus akainama kuokota maganda ya ndizi.

"Basi ulimpenda na bado ukamuuza kwa sifa. Ingekuwa humpendi ningekuelewa." Akashika tena kisu. "Kesho ukate sale uende. Na usiende na soda kama mtu anayekwenda kusalimia mgonjwa."

Asiyekuwa wa huku ajue kwamba sale ni ule mmea wa majani marefu membamba unaopandwa kwenye mipaka ya vihamba. Mchagga aliyemkosea mwenzake kosa kubwa humpelekea jani la sale. Anayeletewa hawezi kumfukuza aliyelileta, hata kama katikati yao kuna damu. Lazima asikilize. Ndiyo maana watu hawalichezei, na wengi huzeeka bila kulibeba hata mara moja.

Kesho yake Sylvanus alikata jani kwenye uzio wa kihamba cha mdogo wake kule Kirua, akalitia ndani ya koti, akapanda kwa miguu. Barabara ile sasa ina lami hadi mbali, na bodaboda zinapita zikipiga honi, hakuna unayeweza kumjua kwa mlio. Alitamani ukungu wa zamani. Alitamani asubuhi moja tu ya mwaka wa tisini na nne, kibandani kwake, na nusu saa ya ziada.

Elisifa alikuwa bandani akikamua. Nywele zimekuwa nyeupe, mgongo umenyooka kama zamani. Alimwona mgeni akisimama mlangoni, akaendelea kukamua hadi povu lilipofika ukingoni mwa ndoo.

"Karibu, fundi. Umepotea."

"Nimepotea, Mama Magreth. Habari za siku nyingi?"

"Nzuri. Zako?"

"Zangu si nzuri." Akatoa jani, akalishika kwa mikono miwili.

Elisifa alilitazama, hakunyoosha mkono. Akasogeza kigoda, akakaa. "Sema."

Akasema. Gia ya katekista, tairi dogo, mizunguko hamsini na saba. Kisha akafika kwenye mkutano. "Uliniuliza kama nilihesabu. Sikuhesabu. Nilikuwa sijahesabu, na nilijua kwamba sijahesabu, nikasema nimehesabu."

Ng'ombe alitafuna. Elisifa akafuta mikono kwenye kitenge taratibu, kidole kimoja kimoja.

"Unajua nilifanya nini wiki ile?" alisema. "Pikipiki walishaninyang'anya, sikuwa na gurudumu la kuzungusha. Nilichukua kamba ya ng'ombe. Mimi na mama yangu tukapima barabara kwa kamba, kutoka hapa mpaka kanisani, mama anashika ncha moja, mimi nyingine, watu wanatucheka. Ikatoka kama nilivyoandika kwenye daftari. Nikajua mita ni mbovu. Lakini nani angesikiliza kamba, wakati fundi wa Majengo ameshakula kiapo?" Akaisogeza ndoo ya maziwa kando. "Nilikusubiri. Nilijua wewe si mtu mbaya. Nikasema atahesabu, atakuja. Mwezi, mwaka. Mama yangu alikufa anakusubiri."

"Nisamehe."

"Hilo jani usinipe hapa. Hapa kuna mimi na ng'ombe, na ng'ombe hakuwahi kuniita Hewa. Jumapili kuna mnada baada ya ibada. Lete pale."

Fundi wa watu aliitikia kwa kichwa, akalirudisha jani ndani ya koti.

Jumapili hiyo Sylvanus alisali misa ya alfajiri kwao Wakatoliki, akashuka hadi uwanja wa Walutheri. Anayejua makanisa ya huku anajua kuwa ibada haijaisha mpaka mnada uishe. Watu husimama uwanjani, mkungu wa ndizi unainuliwa, jogoo anainuliwa, chupa ya maziwa, trei ya mayai, na mzee wa kanisa anawatania watu mpaka wapandishe dau. Mzee huyo ni Ebenezeri, mtu wa sauti kubwa. Elisifa alikuwa amemnong'oneza. Mkungu wa mwisho ulipoondoka, Ebenezeri akainua mkono.

"Tulieni kidogo. Kuna mgeni ana neno. Ni Sylvanus, wa ukoo wa pale juu, fundi wa mjini."

Sylvanus alisogea mbele na jani mkononi. Watu walipoliona, minong'ono ikakatika. Hakutafuta maneno mazuri.

"Miaka thelathini iliyopita, nilifunga mita kwenye pikipiki ya Elisifa. Niliifunga vibaya. Ilikula kilomita zake. Kilomita kumi akienda, ilihesabu nane. Aliniuliza mbele za watu kama niliipima, nikasema niliipima. Nilisema uongo. Ng'ombe wote aliowaandika alikwenda kwao. Ng'ombe hewa hakuwepo hata mmoja. Hewa nilikuwa mimi."

Bibi mmoja kizee, Yuditha, aliyekuwa amekaa kwenye benchi na fimbo kati ya magoti, akasema kama anajisemea, "Wangu alizaa siku ya Ijumaa Kuu. Jike. Nilikuwa nimefunga kitambaa asubuhi, akaja mvua inanyesha."

"Wetu alikuwa wa madoa," akasema Ebenezeri, na sauti yake safari hii ilikuwa ndogo. "Baba alimuuza, mimi nikaenda sekondari."

"Kwetu alikuja mara mbili," akasema Yoramu, mwenye duka la dawa za mifugo. "Mara ya kwanza haikushika. Akarudi bila kuitwa."

Wakaendelea. Wa pale mtoni. Yule mweusi aliyepiga teke ndoo. Pacha wa kwa marehemu mwalimu. Walikuwa wanatoa ng'ombe mmoja mmoja kutoka walikowaficha, na nyuso zilikuwa zimechangamka kama watu wanaokumbushana harusi. Sylvanus aliinua macho, moyo ukaanza kumtulia. Ndipo Elisifa akasogea katikati.

"Kumbe mnawakumbuka," akasema.

"Tunawakumbuka, mwanangu," akasema Bibi Yuditha. "Tutasahauje?"

"Na siku ile niliyofukuzwa mlikuwa wapi?"

Jogoo aliyenunuliwa mnadani alipapatika ndani ya mfuko wa mtu.

"Kila mmoja alikuwa na ndama wake bandani," Elisifa aliendelea. "Mnamkamua, mnakunywa maziwa, halafu mnaniita Ng'ombe Hewa. Mtoto wangu mkamwita Ndama Hewa. Mlijua! Kila mtu alijua wa kwake!"

Bibi Yuditha aliinamia fimbo yake.

"Mimi wangu nilijua ni wa kweli," akasema. "Nikadhani wa hewa ni wa wenzangu. Tuliambiwa mita imesema, mwanangu."

Elisifa alimtazama yule bibi, akawatazama wote, machozi yakimtiririka bila kuyafuta. Halafu akamwendea Sylvanus, akalichukua lile jani mkononi mwake. Watu wakashusha pumzi, na Ebenezeri akafungua kinywa kuanza kushukuru. Elisifa akalishika kwenye ncha, akalipasua katikati kwa urefu mpaka chini. Nusu akabaki nayo. Nusu akamrudishia.

"Mama, sale haigawanywi," Ebenezeri akasema kwa mshtuko.

"Hii nimeigawanya mimi." Akamgeukia Sylvanus. "Gia nimekusamehe, fundi. Mtu hukosea gia. Lile neno la 'nilihesabu' bado sijaweza. Nikiweza nitakuita. Nisipoweza, utakuwa umejua kwamba nilijaribu."

Sylvanus alisema, "Asante," na alimaanisha.

Alifika Majengo jua likiwa bado liko juu. Theodora alikuwa amekaa barazani, chakula hajala, miguu imenyooshwa, na uso wa mtu aliyekuwa akisali bila kutaka kuonekana.

"Amepokea?"

Sylvanus akamwonyesha kilichokuwa kiganjani.

"Nusu," akasema.

Theodora aliuchukua ule mstari mwembamba wa kijani ulioanza kunyauka, akaugeuza huku na huku. Hakucheka, hakumsema. Aliingia ndani, akatafuta kikombe, akatia maji, akausimamisha humo, akaweka dirishani.

"Njoo ule," akasema. "Mtori unapoa."